Muulize Ami: Ninja wa Muvi, Panga Zake na Joto la Pwani

Mwezi huu barua karibu zote ni za ninja. Sijui ni likizo ama ni mitumba ya matoi iliyoshuka Malindi, lakini kila nikifungua barua ni ninja mweusi, ninja mweupe, ninja hana upanga. Basi tujibu. Nimezifupisha kidogo, majina nimeyatoa.

SWALI: Ami, salaam aleikum. Mimi niko Malindi, Kisumu Ndogo. Nimenunua kisanamu cha ninja mweusi kwa muuza mitumba, shilingi 600, akanambia ni yule wa muvi ya G.I. Joe. Kilikua kimefungwa kwa mpira pamoja na panga mbili, ala moja, kibunduki na kibegi cha mgongoni. Sasa nataka kujua ni wa muvi gani kwa sababu najua ziko kadhaa, na je nimepigwa ama nimepata? Alafu mbona hakishiki upanga, nikikiwekea mkononi unaanguka saa hiyo hiyo.

JIBU: Waaleikum salaam ndugu yangu. Mia sita hujapigwa, lakini usianze kutembea kifua mbele bado, twende pole pole.

Kwanza muvi. Mchukue huyo ninja umuweke kwenye mwangaza umtazame mdomo. Najua amejifunika uso mzima, hapo hapo juu ya barakoa ndio nakwambia utazame. Ukiona midomo imechongwa, yani kabisa mdomo wa juu na mdomo wa chini umetokeza, basi huyo ni Snake Eyes wa The Rise of Cobra, ile ya 2009, manake vazi la muvi lenyewe lilikua na midomo ivo ivo na mashabiki walilicheka mpaka wakachoka. Ilipokuja ya pili, Retaliation, 2013, wakaitoa, uso ukawa mlaini vile watu walivouzoea. Ndani ya vazi zote mbili ni mtu mmoja, Ray Park, hasemi neno mwanzo mpaka mwisho na sura yake huioni. Ile ya 2021 inayoitwa Snake Eyes ni habari nyingine, hapo ni Henry Golding, anaongea na uso wake unauona sehemu kubwa ya muvi.

Alafu chukua rula. Akiwa kama sentimita 9 na nusu, hiyo ndio saizi ya G.I. Joe tangu 1982 na ndio saizi ya visanamu vingi vya zile muvi mbili za mwanzo. Akifika sentimita 15 hivi, huyo ni wa kundi la wakubwa, hasa mfululizo unaoitwa Classified ambao Hasbro, kampuni inayotengeneza matoi ya G.I. Joe, walianza kuutoa 2020, na wa muvi ya 2021 wamo humo. Geuza pia utafute maandishi madogo, mara nyingi yako pajani ama mgongoni, madogo mpaka utafute mtoto mwenye macho mazuri akusomee. Ukikuta mwaka usiolingana na muvi usikimbilie kusema feki. Mwaka ule ni wa umbo kusajiliwa, na hiyo Retaliation ilikua itoke Juni 2012 wakaisogeza mpaka Machi 2013 wakati matoi tayari yashatengenezwa, mengine yashafika madukani. Kwa hivyo toi likawa limeitangulia muvi yake, na ukiona 2011 ama 2012 pajani kwake tulia.

(Hapa niseme kitu ambacho hakina faida yoyote kwako lakini mimi hunifurahisha. Snake Eyes wa kwanza kabisa, 1982, alikua mweusi tititi kwa sababu kampuni ilikua inabana matumizi, ikaamua huyu mmoja asipakwe rangi hata tone. Ukata wa rangi ndio ukatoa ninja maarufu kuliko wenzake wote.)

Sasa tuje kwa kushika upanga, na hapa ndipo mimi huwapima hawa ninja wote, wa muvi wasiwe wa muvi. Watu wengi wakitaka kununua wanaangalia sura, amefanana na yule wa kwenye skrini ama hajafanana. Mimi naangalia mikono kwanza. Askari wa kawaida mkono mbaya unasameheka, unamkunja bunduki kifuani basi, lakini ninja asiyeshika upanga umenunua nini? Umenunua mtu aliyevaa pajama nyeusi.

Mtazame vidole. Kuna mikono imefinyangwa ikiwa imefunga sana, kishikio hakiingii, na kuna iliyofunguka kama ya mtu anayeomba chumvi, kishikio kinaingia na kutoka kama upepo. Wako ni hii ya pili, na mara nyingi si kwamba alizaliwa hivo, ni mtoto wa kwanza aliyekua naye alilazimisha bunduki nene ikapanua ngumi. Dawa iko. Chemsha maji, epua, yaache dakika mbili tatu yapoe kidogo, tumbukiza ule mkono tu kwa nusu dakika. Plastiki ya mikono kwa kawaida ni laini, ikipata joto inalegea. Toa, weka kishikio cha upanga, finya vidole vimkumbatie, ukiwa bado umefinya hivo hivo ingiza kwenye maji ya baridi. Ikipoa inakaa vile ulivoifinya. Na ukiweka upanga usiupitishe kwa ncha, tia kishikio kutokea juu, upande ule wa mwisho usio na kikingio, manake kile kisahani cha kukinga mkono ndicho kinachovunja kidole gumba cha watu. Kidole gumba kwenye saizi ya sentimita 9 ni chembamba kama njiti ya kiberiti, kikikatika hakuna supagluu itakayokirudisha kikashika kitu tena, nakwambia.

Baada ya hapo mjaribu viungo. Mkono wa kulia unafika begani? Kama panga zinakaa mgongoni na mkono haufiki kwenye kishikio basi huyo hawezi kuchomoa, amezibeba tu kama hamali. Viwiko vyenye jointi mbili ndio hufika. Mikono miwili inakutana mbele ashike upanga mmoja kwa pamoja? Vifundo vya miguu vinapinda kando? Visipopinda ukimtanua miguu anasimama kwa ukingo wa kiatu na ataanguka kila feni ikiwashwa. Hapa zile za 2013 ziliangusha watu kidogo, baadhi ya visanamu vya Retaliation vilipunguzwa viungo, vikawa vigumu vigumu kuliko vya 2009, ajabu muvi yenyewe ina ile vita ya ninja wananing'inia kwa kamba kwenye jabali, yani palipohitajika mtu wa kujikunja.

Vifaa vyako sasa. Panga mbili ala moja. Chukua kila upanga uingize kwenye ala bila kusukuma. Ule wa kwake utateremka mpaka kikingio kikae kwenye mdomo wa ala, ukipindua chini hautoki. Ule mwingine ama utakwama nusu ama utacheza ndani, huo ni wa ninja mwengine, muuza mitumba amekupa nyongeza tu. Angalia pia rangi ya fedha ya ubapa wake, ikiwa imekwaruzika mistari miwili kwa urefu basi ala inabana, kila ukichomoa unaacha rangi ndani, chomoa mara chache. Kibegi kina kipini nyuma na ninja ana tundu mgongoni, vikiingiana vizuri ni vya ukoo mmoja, vikilazimishana acha, tundu litapanuka na hakuna kitakachokaa tena. Kibunduki usikitupe ukidhani si chake. Snake Eyes ni komando pia, bunduki ni kazi yake.

Kwa ufupi kama ana midomo, mikono ikafinyika na upanga mmoja ukateremka kwenye ala, mia sita umekula dezo. Kama kidole gumba hakipo ungempa mia mbili.

SWALI: Ami naomba msaada, mimi ni mama wa Maweni, Malindi. Mwanangu ana ninja mweupe, huyo Storm Shadow, alikua anamuweka dirishani sasa amekua rangi ya siagi upande mmoja. Nimemsugua kwa sabuni wapi. Jirani ananiambia nimloweke kwa Jik. Nimloweke?

JIBU: Usimloweke dadangu, tafadhali! Jik haitoi manjano hiyo, na itakula rangi ya macho na ile mikanda mpaka ubaki na mzuka.

Hiyo si taka. Plastiki yenyewe imebadilika, jua na hewa vimeifanyia kazi, na ndio maana upande uliotazama dirisha ndio umegeuka na mgongo bado mweupe. Weupe ndio wanaoumia zaidi machoni, mweusi angeweza kukaa hapo miaka na usione kitu. Storm Shadow masikini tangu alipotoka 1984 mara nyingi amekua akivalishwa nyeupe, kwenye muvi pia, Lee Byung-hun amemuigiza 2009 na 2013 na nyeupe ni hiyo hiyo.

Kuna njia wakusanyaji wanatumia, haidrojeni peroksaidi ya dukani kwa dawa, kipande kinazamishwa kwenye chombo cha kioo kinawekwa juani masaa, kwa sababu jua huisaidia dawa ile kufanya kazi. Kweli inarudisha weupe. Lakini lazima uvae glavu, lazima vipande vyenye rangi vikae nje ya dawa, plastiki inaweza kuwa kavu ikavunjika, na mara nyingi manjano hurudi baada ya muda hata ukimfungia kabatini. Kwa toi la kuchezea mimi singejisumbua. Mtoe dirishani, muweke ukuta ambao jua halifiki, na mwambie kijana ninja wake ametoka vitani. Wakipenda huwa hawaoni manjano, ni sisi tunaoona.

SWALI: Upanga wa ninja wangu umepinda kama ndizi. Nifanyeje? (Mkomani, Lamu)

JIBU: Maji moto kama nilivomwambia ndugu wa Kisumu Ndogo, sekunde kumi zinatosha kwa upanga manake ni mwembamba, unyooshe juu ya meza kwa kitu bapa, maji baridi. Utapinda tena siku za joto kama unamuacha ameuegemea. Uhifadhi ndani ya ala ama ulaze.

SWALI: Shikamoo Ami. Mimi ni mwanafunzi wa gredi ya sita, nakaa Shela, Lamu. Pesa zangu za Idi nimeweka ninunue ninja. Rafiki yangu anasema ninunue wale kobe ninja wa muvi ya zamani, anasema wako na vitu vingi kuliko Snake Eyes. Ninunue gani? Nataka niwe naenda naye ufukweni.

JIBU: Marahaba mwanangu. Rafiki yako hajakosea, lakini hajakwambia yote.

Wale kobe wa muvi ya 1990 kuna kampuni inaitwa NECA imewatengeneza kwa ukubwa wa kama sentimita 15 mpaka 18, wamechorwa ngozi mpaka vichunusi, na ni kweli wanakuja na mikono ya kubadilisha. Hiyo mikono ndio raha na ndio balaa. Raphael, mmoja wa hao kobe, anashika zile sai zake, vile visu vyenye pembe, na kidole katikati ya pembe kama kwenye muvi, kwa sababu ana mkono uliofinyangwa kwa kazi hiyo tu. Lakini ukitaka kubadilisha unavuta kiganja, ndani kuna kipini chembamba, na hicho kipini kikikatika mkononi mwako Idi imekwisha. Michelangelo na zile nunchaku zake, vijiti viwili vilivyoungwa kwa cheni, ndio kabisa, kile kicheni hakitaki mchezo. Wale ni wa kuweka juu ya kabati na kutazama. Ukimpata Donatello na fimbo yake hapo kidogo una amani, fimbo ni fimbo.

Sasa wewe umesema ufukweni. Ufukweni usimpeleke ninja mwenye jointi nyingi yeyote yule, mchanga wa Shela ni mwembamba kama unga, unaingia kwenye goti na kila ukikunja unasaga plastiki, baada ya wiki mbili miguu inalegea kama ya mtu amekula urojo mwingi. Kama ni lazima, nunua Snake Eyes wa rahisi asiye na rangi nyingi, vifaa vyote uache nyumbani, na ukirudi umuoshe kwa maji ya mfereji, si ya bahari, ukimkunja kunja viungo ndani ya ndoo mchanga utoke. Upanga wa sentimita tano ukidondoka mchangani pale hutauona tena, na maji yakijaa ndio basi.

Na ukiwa na mdogo wako wa chini ya miaka mitatu nyumbani, vile vipande vidogo vyote viwe juu. Hilo usibishane.

SWALI: Ami, mimi ni mkusanyaji niko Langoni, Lamu, nina ninja wa muvi kama ishirini kwenye boksi la plastiki lenye mfuniko. Nimefungua juzi nikawakuta wananata, mikono na makoti yao ni kama yamepakwa mafuta. Na springi ya mtambo wa kurusha kombora imeota kutu. Ni fungasi? Na jointi zilizolegea nizifanyeje?

JIBU: Si fungasi sheikh wangu. Plastiki laini, hizo za makoti, mikono na mikanda, ni PVC iliyotiwa mafuta ya kuilainisha, na kwenye joto yale mafuta yanatoka juu. Wewe umewafungia boksi lisilopumua, Langoni, miezi ya kaskazi, ulitegemea nini. Waoshe kwa maji vuguvugu na sabuni ya vyombo, wakaushe kivulini, mara mbili ikibidi. Watakaa muda, alafu wataanza tena, utaosha tena. Ila usiwarudishe humo. Rafu iliyo wazi yenye hewa, mbali na dirisha, na usiwalaze mmoja juu ya mwengine kwa sababu plastiki laini ikilala juu ya ngumu kwa muda inaiachia alama, nyengine inaiyeyusha kabisa, nimeona upanga umezama kwenye kifua cha mtu bila vita.

Springi ni chumvi ya hewa yetu tu. Ifungue kama ina skrubu, pangusa kutu, tone moja la mafuta ya silikoni, si mafuta ya kupikia. Isipofunguka iache na kombora usirushe, springi ikikatika ndani utavunja mtambo wote kuitoa.

Jointi zilizolegea ulizouliza mwisho wa barua yako, paka rangi ya kucha isiyo na rangi kwenye kile kidude cha mviringo, acha ikauke siku nzima nje ya tundu, ndio urudishe. Ukirudisha mapema umeigandisha milele. Mwombe mke wako kwanza, usichukue tu.

SWALI: Assalaam aleikum Ami. Mimi ni fundi seremala, nachonga milango na masanduku hapa Amu. Mgeni mmoja alikuja na picha za visanamu vya ninja akaniuliza kama naweza kumchongea mlango wa Kiswahili mdogo wa kusimamisha nyuma yao. Nimwambie vipimo gani? Sijawahi kuwa na hivo vitu.

JIBU: Waaleikum salaam fundi, hii barua imenifurahisha kuliko zote.

Muulize jambo moja tu, visanamu vyake vina urefu gani. Akisema sentimita 15, hao ni moja kwa kumi na mbili, yani kila kipimo cha mlango wa kweli unagawa kwa 12. Akisema 9 na nusu, gawa kwa 18. Mlango wa mita mbili na sentimita kumi utakua sentimita 17 na nusu kwa wale wakubwa, na kama 11 na milimita saba kwa wale wadogo. Kama anavyo vya saizi zote mbili mshauri achukue ile kubwa, kwenye ile ndogo nakshi zako zitakua milimita moja moja na mbambakofi haikubali mchezo huo, itamegeka, utafute mti wenye nyuzi za karibu zaidi.

Mfaa, ule mti wa katikati mabawa yanapokutana, uuweke, usiuache kwa kuogopa udogo, bila mfaa huo ni mlango wa popote. Lakini fungua bawa moja upime. Bawa la sentimita 60 kwenye mlango wa kweli hapo linakua sentimita 5, na ninja wa sentimita 15 mabega yake ni kama hapo hapo, akiwa na panga mbili za mgongoni hapiti wima. Atapita kiubavu. Kama mgeni anataka ninja asimame mlangoni kabisa kwa picha, mpe bawa sentimita 6 na nusu na mtu hatajua, ila mwambie umefanya hivo.

Kizingiti kiwe bapa na kipana, sentimita 4 kwenda mbele, kisanamu kipate pa kukanyaga. Nyayo zao nyingi zina tundu dogo chini, mwambie akuachie mmoja siku moja upime hilo tundu kwa keekee zako mpaka upate inayoingia bila kubana, alafu simamisha kijiti cha mti cha unene huo juu ya kizingiti, ninja anachomekwa hapo haanguki hata punda apite kagonga ukuta. Kijiti kiwe cha mti, si msumari. Bei usitaje mpaka umeupima huo mguu.